Ng'ombe Anakamuliwa, Dawa Itakwenda Wapi?

Majaribio yetu ya dawa ya minyoo kwa ng'ombe wa maziwa yalifanyika kwa wafugaji wa Ilemela, Magu na Misungwi mkoani Mwanza, karibu na Ziwa Victoria na kwenye majaruba ya mpunga. Ripoti iko kwa waliogharimia kazi. Hapa tunaandika ambayo ripoti haiyabebi: tulipopotea, kilichotumaliza fedha, na mambo ambayo mwenzetu akiyajua mapema hatapoteza msimu.

Tulianza na fikra kwamba swali ni moja tu: je, dawa inaua minyoo? Mfugaji mmoja wa Kisesa alitusahihisha siku ya kwanza, kabla hatujashusha hata boksi moja. "Daktari, nikimpa dawa leo, kesho asubuhi mteja wangu nimwambie nini?" Tulimjibu kwa maneno ya kitaalamu, naye akanyamaza kwa heshima. Ilituchukua miezi kuelewa kwamba swali lake ndilo lilipaswa kuja la kwanza. Dawa za kuua minyoo zipo nyingi. Zinazoweza kutolewa kwa ng'ombe anayekamuliwa bila kumwaga maziwa yake wiki nzima ni chache, na uchache huo una sababu zake.

Chukua ivermectin. Ilitokana na bakteria wa udongoni, ikaingia sokoni kama dawa ya mifugo mwaka 1981, na wagunduzi wake wakashiriki Tuzo ya Nobel ya 2015. Sindano ya asilimia 1 hutolewa mililita 1 kwa kila kilo 50, chini ya ngozi. Ni dawa nzuri sana, ila hupenda mafuta, na maziwa yana mafuta. Hujificha mwilini na kutoka kwenye maziwa kidogokidogo kwa wiki kadhaa, ndiyo maana lebo hukataza kumpa ng'ombe ambaye maziwa yake yananywewa na watu. Watafiti walilazimika kurudi kwenye familia ileile ya kemikali, wakapima ndugu zake wengi mpaka wakapata eprinomectin, ambayo kiasi kidogo tu huvuka kwenda kwenye kiwele. Hiyo humwagwa mgongoni, miligramu 0.5 kwa kilo, na maziwa hayasubiri. Lakini kwa mfugaji wa pembeni mwa ziwa kuna tatizo lingine: zote mbili haziui minyoo ya maini.

Na huku kwetu minyoo ya maini ndiyo kesi yenyewe. Mnyoo wa hapa ni Fasciola gigantica, na konokono anayemlea ni Radix natalensis, mkazi wa maji yaliyotulia: mifereji ya majaruba, malambo, kingo za ziwa zenye matete. Maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2020, ufukwe mwingi uligeuka kuwa kinamasi. Mabuu hutoka kwa konokono, hujibandika kwenye jani karibu na usawa wa maji, hujifungia kwenye kifuko na kusubiri kuliwa.

Hapo tulifanya kosa la kwanza. Tuliwatenga ng'ombe wa kufugwa ndani tukiamini hawana minyoo ya maini kwa kuwa hawaendi malishoni. Tulisahau baiskeli. Kila asubuhi vijana hupita na mizigo ya majani mabichi yaliyokatwa ufukweni, na jani lililokatwa kwenye maji huja na mabuu wake mpaka ndani ya banda. Ng'ombe hakuyafuata maradhi; yeye ndiye aliletewa. Ukipanga utafiti sehemu hizi, usiulize "ng'ombe anachungwa wapi?" Uliza "majani yanakatwa wapi, na yanakatwa umbali gani kutoka kwenye maji?" Na kama mfugaji hana majani mengine, mwambie ayakate juu ya usawa wa maji na kuyakausha vizuri kwa jua kabla ya kulisha, kwa maana ukavu huwapunguza mabuu sana.

Vibali havina simulizi ndefu. Usajili wa dawa za mifugo uko TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), kibali cha utafiti COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na halmashauri inataka barua kabla afisa mifugo wa kata hajakuongoza kwa wafugaji. Anza mapema, na usinunue vitendanishi vyenye muda mfupi wa matumizi kabla karatasi hazijatimia. Sisi tulinunua. Tusiseme zaidi.

Kazi ya kuhesabu mayai ndiyo iliyotufundisha unyenyekevu. Mpango wetu ulikuwa kupima upungufu wa mayai ya minyoo ya mviringo kwenye kinyesi, kabla na baada ya dawa, kwa ng'ombe wanaokamuliwa. Ng'ombe mkubwa, hata akiwa na minyoo, hutoa mayai machache kwa sababu mwili wake umeshajifunza kuwabana. Kwa kioo cha McMaster, kioo chenye vyumba vya kuhesabia mayai chini ya hadubini, hesabu huwa hivi: gramu 3 za kinyesi, mililita 42 za maji ya chumvi yaliyoshiba, unachuja kwa chujio la chai, unajaza vyumba viwili, unahesabu, kisha unazidisha kwa 50. Maana yake ni kwamba yai moja uliloliona linaandikwa 50. Ng'ombe aliyetoka 50 kwenda 0 hajathibitisha chochote; ni yai moja tu lililokosa kuingia kwenye kioo mara ya pili. Mwongozo wa WAAVP, chama cha kimataifa cha wataalamu wa vimelea vya mifugo, ulitaka mwaka 1992 mnyama aanze na mayai 150 au zaidi kwa gramu. Marekebisho ya 2023 yalihamishia uzito kwenye idadi ya mayai uliyoyaona kwa macho kabla ya kuzidisha, na kwenye kuwalinganisha wanyama walewale kabla na baada. Tulipima ng'ombe wakubwa wengi mno kabla ya kukubali ukweli: ufanisi dhidi ya minyoo ya mviringo upime kwa mitamba na ndama walioachishwa, na ng'ombe anayekamuliwa mwachie swali la maziwa. Hayo ni majaribio mawili, kila moja na wanyama wake. Tulitaka kuyabana kwenye kundi moja ili kuokoa fedha, tukatumia zaidi.

Sampuli ichukuliwe moja kwa moja kutoka kwenye njia ya haja kubwa kwa glovu, isiokotwe chini. Geuza glovu ndani nje, kamua hewa yote, funga, andika namba ya hereni, weka kwenye deli lenye barafu lakini isigusane nayo. Joto la Mwanza halina subira: sampuli ikikaa juani, ndani ya siku moja mayai yanaanza kuanguliwa na hesabu yako inashuka kana kwamba dawa imefanya kazi. Ukiigandisha kwenye friza, mayai yanaharibika. Jokofu la nyuzi 4 ndilo kipimo. Zamani sampuli za Sengerema zilisubiri kivuko cha Kigongo zikichemka garini. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 shida hiyo imepungua, ila barafu bado ni ya lazima.

Mayai ya minyoo ya maini hayaelei kwenye chumvi, kwa hiyo mtu anayetumia kioo cha McMaster peke yake atasema ng'ombe wa ufukweni ni wazima kabisa. Ni mazito. Yanahitaji kuzamishwa: koroga kinyesi kwenye maji, chuja, acha kitulie dakika chache kwenye glasi yenye kitako chembamba, mwaga maji ya juu taratibu, ongeza mengine, rudia mpaka maji yawe safi. Kisha tone moja la bluu ya methilini. Chini ya hadubini takataka zote zinakuwa za bluu, na katikati yake linajitokeza yai kubwa la rangi ya dhahabu, kama punje ya mchele iliyotiwa manjano. Hilo ni la Fasciola. Lililo na ukubwa wa karibu na huo lakini limepauka kama maji ni la minyoo ya tumboni, Paramphistomum, ambayo ng'ombe wa huku wanayo kwa wingi. Msaidizi wetu mmoja aliyahesabu yote pamoja kwa wiki mbili. Ilibidi turudie kila sampuli iliyokuwa imebaki, na zilizokwisha tukazifuta. Kabla ya kumkabidhi mtu hadubini, mpe sampuli kumi ambazo wewe umeshazisoma, bila kumwonyesha majibu yako.

Siku ya dozi, adui ni makadirio. Kwa jicho tulimkadiria ng'ombe mmoja chotara kilo 250. Mzani ukasema 320. Albendazole, dawa ya minyoo ya kunywesha, kwa minyoo ya maini ni miligramu 10 kwa kilo, na kwa minyoo ya mviringo ni 7.5. Ukiwa na dawa ya maji ya asilimia 10, yaani miligramu 100 kwa mililita, ng'ombe wa kilo 320 anahitaji mililita 32. Kwa makadirio yetu angepata 25, sawa na miligramu 7.8 kwa kilo: minyoo ya mviringo ingekufa, ya maini ingebaki hai ikiwa imeonja dawa, na hivyo ndivyo usugu unavyolelewa. Madukani kuna pia chupa za asilimia 2.5, ambazo ng'ombe huyohuyo angenyweshwa mililita 128. Anayechanganya chupa hizi mbili anakosea mara nne. Soma nguvu ya dawa kila unapofungua chupa mpya, hata kama rangi ya lebo ni ileile.

Utepe wa kifua unasaidia, ila nyingi zimetengenezwa kwa ng'ombe wa Ulaya wasio na nundu. Uzungushe nyuma tu ya miguu ya mbele, nyuma ya nundu, asubuhi kabla hajala wala kunywa, na linganisha kwanza na mzani kwa wanyama kadhaa wa aina yako. Mzani wenyewe uupime kwa madumu ya lita 20 yaliyojaa maji. Dumu moja ni kilo 20 na ushee kidogo kwa uzito wa plastiki. Wakati wa kunywesha, pua ya ng'ombe isipande juu ya usawa wa macho yake. Ukimnyanyua kichwa kama anatazama mbinguni, dawa inateremka mapafuni. Akikohoa, acha, mwachie kichwa. Na uliza mimba kabla: albendazole haitolewi kwa ng'ombe katika siku 45 za mwanzo za mimba.

Kosa lililotuuma kuliko yote lilihusu dawa ya kumwagia mgongoni. Waliopewa dawa na kundi la kulinganishia tuliwaacha kwenye zizi moja, kwa kuwa hakukuwa na zizi la pili. Ng'ombe wanalambana. Asiyepewa alilamba mgongo wa aliyepewa, akajidozi mwenyewe, na hesabu ya mayai ikashuka pande zote mbili. Tungekuwa na haraka tungesema ni hali ya hewa. Dawa ya kumwagia inahitaji mazizi mawili yasiyopakana, au wafugaji tofauti kabisa, na gharama hiyo iandikwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Siku ya kurudi kuchukua sampuli inategemea dawa. Levamisole ni siku 3 mpaka 7, jamii ya albendazole siku 8 mpaka 10 au baadaye kidogo, jamii ya ivermectin siku 14 mpaka 17. Ukiwahi, unakuta minyoo iliyoduwaa ambayo imeacha kutaga kwa muda tu. Hesabu yenyewe ni nyepesi: kundi lililotoka wastani wa mayai 400 likabaki na 28 limepungua kwa asilimia 93, na kwa kipimo cha 1992, chini ya 95 ni dalili ya kukaa macho. Kwa minyoo ya maini usikimbilie kusema dawa imeshindwa: mnyoo anaweza kuwa amekufa huku mayai yake bado yamejaa kwenye mfuko wa nyongo, yakitoka kidogokidogo kwa wiki mbili au tatu. Tulirudi siku ya 21.

Hata hivyo mayai hayasemi kuhusu minyoo michanga, maana bado haijataga. Mnyoo wa gigantica huchukua miezi mitatu hadi minne kufika utu uzima. Albendazole na oxyclozanide huua wakubwa. Triclabendazole, miligramu 12 kwa kilo, huwafikia hata wachanga, lakini nchi nyingi hazikubali ipewe ng'ombe anayekamuliwa. Ili ujue kilichobaki ndani, lazima ufungue ini. Miongozo ya dawa za minyoo ya VICH, ushirikiano wa kimataifa wa kuoanisha masharti ya kusajili dawa za mifugo, inataka wanyama wasiopungua sita wenye maambukizi ya kutosha kwenye kundi lisilopewa dawa, na upungufu wa minyoo ufike asilimia 90. Kazi hiyo ni ya machinjioni, alfajiri, na harufu yake inakufuata mpaka nyumbani. Unapasua mirija ya nyongo kwa mkasi, unatoa minyoo mizima kwa koleo, kisha unakata ini vipande vya unene wa sentimita moja, unavilowesha kwenye maji ya chumvi kidogo yenye uvuguvugu, unavikamua kwa mkono kimoja kimoja juu ya chekecheo. Mnyoo mzima hesabu mmoja. Vipande: hesabu vichwa tu, la sivyo utahesabu mnyoo mmoja mara tatu. Anayehesabu asijue ini limetoka kundi gani.

Sasa maziwa.

Kwa jaribio la mabaki tulihitaji ng'ombe 20, wengine wenye maziwa mengi waliozaa karibuni, wengine wanaokaribia kukaushwa, kwa sababu dawa haitoki kwa kasi moja kwa wote. Kila mkamuo, robo zote nne za kiwele zinakamuliwa kwenye ndoo moja, zinakorogwa, ndipo unachukua mililita 50. Ukichukua maziwa ya kwanza tu, mafuta bado hayajashuka, na dawa inayopenda mafuta itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Usisahau maziwa ya siku sifuri, kabla ya dozi. Kwetu, maziwa ya siku sifuri ya ng'ombe wawili yalikutwa na dawa. Mfugaji alikuwa ameshamnywesha wiki hiyo dawa ya dukani, kwa nia njema, ili ng'ombe wake "aonekane mzuri kwa wataalamu". Tuliuliza "umetoa dawa?" akasema hapana, tungeuliza "tuonyeshe chupa zote zilizopo bandani" tungejua.

Maabara ijue inatafuta nini. Albendazole yenyewe karibu huioni kwenye maziwa. Ini huigeuza haraka kuwa salfoksaidi na salfoni, na hizo ndizo za kupimwa. Tuligandisha kila sampuli mara mbili, kwenye friza mbili za nyumba mbili, kwa sababu umeme unakatika. Kando yake tuliweka maziwa safi tuliyoyatia dawa kwa kipimo tunachokijua. Hayo ndiyo yaliyotuambia kama miezi ya frizani ilikuwa imekula dawa au la.

Gharama: ng'ombe 20, lita 8 kwa siku, siku 10, ni lita 1,600 za maziwa yasiyouzwa. Nunua zote, kwa bei ya soko, na ulipe kila jioni. Tulipochelewesha malipo wiki moja, maziwa yalianza kupungua kwenye ndoo zetu na kila mtu alijua yanakwenda wapi. Dawa, vioo na mafuta ya gari, vyote kwa pamoja, havikufikia bei ya maziwa. Tusingeweza kumlaumu mtu. Ada ya shule haisubiri utafiti. Maziwa hayo usimpe ndama, maana unampa dozi ndogo za kila siku. Usiyamwage mtaroni, kwani mitaro yetu yote inaishia ziwani, na jamii ya ivermectin ni sumu kali kwa wadudu wadogo wa majini. Tulichimba shimo mbali na kisima.

Mwisho tulipeleka chupa za dawa ya kunywesha zikakae dukani, kwenye rafu za kweli chini ya bati, huku nyingine zikiwa kwenye kabati la majaribio la nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75 kwa miezi 6. Dawa ilistahimili joto. Kilichoshindwa ni mchanganyiko: unga ulizama chini ukaganda kama uji wa jana, na muuzaji anayepima kwenye chupa za maji bila kutikisa anamuuzia mteja wa kwanza maji meupe na wa mwisho dozi mara kadhaa. Ilibidi kubadilisha kinachoushikilia unga usizame, na kuacha chupa ya lita moja tukaenda kwenye chupa ndogo za ng'ombe mmoja, ili lebo isitenganishwe na dawa.

Kwenye lebo hiyo tulikuwa tumeandika muda wa kusubiri kwa saa, kama vile "saa 72". Wafugaji hawahesabu saa, wanahesabu mikamuo, na kuna wanaokamua mara mbili na wanaokamua mara moja kwa siku. Sasa kuna picha ya jua na mwezi mara tatu, na ndani ya boksi kamba nyekundu ya kufunga mguu wa nyuma wa ng'ombe aliyepewa dawa, ili hata mtoto anayetumwa kukamua jioni ajue ndoo hii haiendi kwa mteja. Mzee wa Kisesa aliifunga, akahesabu majua na miezi kwa kidole, akasema, "Hii sasa nitamwambia."